Ofisi ya ushirika ni zana ya kazi, si stoo

Msimu wa korosho unapofika, mkulima huamka alfajiri, hupakia magunia yake kwenye baiskeli au bodaboda na kwenda kujipanga kwenye foleni mbele ya mizani ya chama chake cha msingi. Macho yake yote huwa kwenye mizani. Ni wachache wanaogeuza shingo kutazama chumba cha pembeni ambamo karani anaandika kilo zao.

Wangegeuka, katika vyama vingi wangeona hali inayofanana. Chumba kimoja kilichoezekwa kwa bati bila dari. Dirisha moja dogo, nalo limezibwa kwa gunia au mbao kwa kuogopa wezi. Kona moja imejaa mifuko ya salfa iliyobaki, kona nyingine mabomba ya kupulizia dawa na madumu. Katikati ya vitu hivyo ndipo alipo karani, amekaa kwenye stuli isiyo na egemeo, ameinama juu ya meza fupi, akiandika stakabadhi kuanzia asubuhi hadi giza linapoingia.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Usemi huu hunukuliwa sana kwenye semina za ushirika. Lakini ni mara chache watu huuliza daftari hilo linaandikwa na nani, amekaa wapi, na ana hali gani ifikapo saa tisa alasiri.

Mkulima anayeshinda juani na jembe ana haki ya kuuliza kwa nini ajali kiti cha mtu anayefanya kazi kivulini. Jibu ni jepesi. Karani akikosea, anayelipa ni mkulima. Karani akiugua katikati ya msimu, anayelala nje ya ghala akilinda magunia yake ni mkulima. Na karani akidhurika kwa sumu iliyohifadhiwa ofisini, chama ndicho kinachobeba lawama na gharama, na chama ni mali ya mkulima. Kwa mantiki hiyo, mpangilio wa ndani wa ofisi si urembo. Ni zana ya kazi kama ilivyo mizani, na zana mbovu humtia hasara mwenye nayo.

Joto na hewa nzito huharibu hesabu

Kwamba joto huchosha akili si jambo la kubahatisha. Mwaka 2006, watafiti Olli Seppänen, William Fisk na Quanhong Lei walikusanya matokeo ya tafiti nyingi zilizopima kazi za ofisini katika viwango mbalimbali vya joto. Waliona kwamba ufanisi ulikuwa mzuri zaidi kwenye nyuzi joto kama 22 za Selsiasi, ulianza kushuka baada ya nyuzi 24, na ulipofika kwenye nyuzi 30 ulikuwa umepungua kwa karibu asilimia 9.

Ni kweli kwamba mkazi wa Lindi amezoea joto kuliko mkazi wa Ulaya, hivyo takwimu hizo haziwezi kuhamishwa zilivyo. Hata hivyo, chumba cha bati kisicho na dari, saa nane mchana, mara nyingi kina joto kuliko hewa iliyo nje kivulini. Hakuna mazoea yanayomfanya mtu ajumlishe vizuri tarakimu za stakabadhi huku jasho likidondoka juu ya karatasi.

Hewa nayo ina sehemu yake. Watafiti wa Marekani wakiongozwa na Joseph Allen wa Chuo Kikuu cha Harvard waliwaweka wafanyakazi 24 katika ofisi ya majaribio kwa siku sita, wakabadilisha kiasi cha hewa safi kinachoingia na kiasi cha kemikali iliyomo hewani. Siku za hewa safi, watu walewale walipata alama kubwa zaidi katika majaribio ya kufikiri na kufanya maamuzi. Watu 24 ni wachache, lakini wanachokionyesha kinajulikana na kila aliyewahi kukaa kwenye kikao kirefu ndani ya darasa lililofungwa madirisha: baada ya saa moja, nusu ya wajumbe wanasinzia.

Jambo la kwanza: sumu itoke

Kabla ya kuzungumzia kiti wala rangi ya ukuta, lipo jambo moja lisilosubiri bajeti. Viuatilifu visikae katika chumba ambacho mtu anafanyia kazi, anakula au analala.

Salfa, ambayo wakulima wa korosho huitumia dhidi ya ubwiri unga, huonekana kama vumbi lisilo na madhara. Vumbi hilo huwasha macho, pua na kifua, na pia hushika moto. Kuwasha koroboi, mshumaa au sigara kwenye chumba chenye vumbi la salfa ni kuuchezea uhai.

Hatari zaidi ni vidonge vya kufukizia ghala dhidi ya wadudu wa nafaka. Vidonge hivyo vikikutana na unyevu wa hewa hutoa gesi ya fosfini, ambayo huua mdudu, panya na binadamu bila kuchagua. Kopo lake halipaswi kuwekwa kwenye droo ya meza wala nyuma ya kiti cha karani. Aidha, vidonge hivyo visitumike kamwe katika jengo ambalo lina chumba cha watu pembeni.

Dawa zinahitaji chumba chake chenye kufuli, chenye matundu ya hewa juu na chini, na sakafu isiyonyonya. Kiwe mbali na chakula, na mbali na mazao ya kuuzwa, kwa kuwa korosho au mahindi yaliyoguswa na sumu yanaweza kukataliwa sokoni. Chama kisichoweza kujenga chumba hicho mwaka huu kinaweza kutenga kona ya ghala kwa ukuta wa tofali na mlango wake unaofungukia nje. Ikishindikana, basi kinunue dawa ya kutosha msimu tu na kuigawa yote kwa wakulima, badala ya kumlaza karani na mabaki.

Wenye maduka ya pembejeo wanahusika hapa kuliko wengine wote. Katika maduka mengi ya vijijini muuzaji hushinda saa kumi na zaidi katikati ya madawa, hula chakula chake cha mchana juu ya kaunta hiyohiyo, na pengine mtoto hulala kwenye kanga nyuma ya rafu. Mteja huingia kwa dakika tano akatoka, lakini mwenye duka huvuta hewa hiyo kila siku. Rafu za dawa ziwe upande wake, vimiminika viwe chini na unga juu ili kinachovuja kisichafue kingine, mlango na dirisha vikabiliane, na chakula kiliwe nje. Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji mkopo wa benki.

Kupunguza joto bila kiyoyozi

Watu wa pwani walijua kupambana na joto kabla ya kiyoyozi kubuniwa. Nyumba za kale za Mji Mkongwe wa Zanzibar zina kuta nene za mawe na chokaa, dari za juu, na uwanja wa ndani unaopitisha hewa. Paa la makuti, pamoja na udhaifu wake wa kushika moto, haligeuki tanuri adhuhuri. Bati lilileta uimara na maji ya kuvuna, lakini lilikuja na joto lake, na wengi waliliezeka bila kumalizia kazi.

Kumalizia kazi maana yake ni dari. Iwe ya ubao, ya singibodi au hata ya mikeka iliyofumwa vizuri, dari huzuia joto la bati lisimshukie mtu kichwani moja kwa moja, mradi nafasi iliyopo kati ya bati na dari iachiwe matundu ya kutoa hewa ya moto. Bati likipakwa rangi nyeupe kwa juu, nalo hurudisha sehemu ya jua lilikotoka.

Hatua ya pili ni kuwa na madirisha mawili yanayotazamana. Dirisha moja halipitishi hewa, linaichungulia tu. Hofu ya wezi ni ya kweli, lakini dawa yake ni nondo na wavu, si gunia. Mahali ambapo dirisha la pili haliwezekani, safu ya matofali yenye matundu juu ya ukuta husaidia. Na mti mmoja wenye kivuli, ukipandwa upande wa magharibi, hulikinga jengo na jua la alasiri, ambalo ndilo kali kuliko yote ofisini.

Jambo jingine linalosahauliwa ni foleni yenyewe. Wakulima wasipokuwa na mahali pa kusubiri, hujazana kwenye dirisha la karani, wakaziba hewa na mwanga kwa pamoja, huku kila mmoja akitaja jina lake. Kibaraza chenye paa, benchi mbili na namba za zamu huwapumzisha wakulima na humpa karani nafasi ya kuandika tarakimu moja hadi mwisho kabla ya kuitwa.

Meza, kiti na mwanga

Kiti kizuri si lazima kitoke dukani mjini. Fundi seremala wa kijijini anaweza kukitengeneza akipewa vipimo. Kiti kiwe na egemeo la mgongo, na urefu wake umwezeshe anayekikalia kukanyaga sakafu kwa nyayo zote huku magoti yakiwa yamepinda vizuri. Kwa watu wazima wengi ni kati ya sentimeta 40 na 45. Meza iwe kwenye usawa wa viwiko vyake akiwa amekaa, kwa kawaida sentimeta 70 hadi 75. Mfupi aliyerithi meza ndefu awekewe ubao wa kukanyagia. Kinachotakiwa ni kumpima mtu anayekaa humo, kama fundi cherehani anavyompima mteja wake.

Kwa vyama vilivyoanza kutumia kompyuta, skrini iwe umbali wa kama mkono mmoja, ukingo wake wa juu uwe kwenye usawa wa macho, na dirisha liwe ubavuni. Dirisha likiwa nyuma ya skrini humulika machoni. Likiwa nyuma ya mtu hung'aa kwenye kioo. Daftari linalonakiliwa liwekwe karibu na skrini, si magotini. Na kila baada ya saa moja karani asimame, anyooshe mgongo na kutazama mbali.

Mwanga wa bure ni wa jua, na ukuta uliopakwa chokaa huuongeza. Bati la kupitisha mwanga linafaa ghalani, lakini juu ya meza ya kazi hushusha joto pamoja na mwanga. Kwa kuwa msimu unapopamba moto kazi huendelea hadi usiku, taa moja ya sola iliyoning'inizwa juu ya meza ina manufaa kuliko taa kubwa ya nje inayomulika uwanja mtupu. Tarakimu 3 na 8 hufanana sana gizani.

Maji ya kunywa na choo ni sehemu ya ofisi, hata kama hayako ndani yake. Karani wa kike asiye na choo cha karibu huacha kunywa maji kutwa nzima kwenye joto ili asilazimike kwenda vichakani. Matokeo yake ni maumivu ya kichwa na maradhi ya njia ya mkojo, na chama huandika kwamba karani amekuwa mgonjwa mgonjwa.

Si suala la kifahari

Wapo watakaosema haya ni mambo ya makampuni makubwa ya mijini. Historia inaonyesha vinginevyo. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Shirika la Kazi Duniani (ILO) lilianza mpango uitwao WISE uliolenga karakana na biashara ndogo katika nchi zinazoendelea. Katika miaka ya 1990, wataalamu wa Vietnam na Japani waliupeleka mtindo huo kwa familia za wakulima wa delta ya mto Mekong kwa jina la WIND. Mbinu ni zilezile: wenye kazi huzunguka eneo lao wakiwa na orodha ya maswali mepesi, hutazama jirani aliyefanya vizuri, kisha huchagua mambo machache ya gharama ndogo na kuyafanya kwanza.

Somo kubwa la mipango hiyo ni kwamba marekebisho huanza kwa kumuuliza anayefanya kazi. Katika vyama vingi mambo huwa kinyume. Fedha ya samani inapopatikana, kiti kizuri kuliko vyote hununuliwa kwa ajili ya mwenyekiti, ambaye hufika siku za kikao tu, nacho hubaki kimefunikwa nailoni huku karani akiendelea na stuli yake. Hapo ofisi imepambwa, lakini kazi haijasaidiwa. Wanachama wana haki ya kuuliza kiti hicho kinakaliwa saa ngapi kwa mwezi.

Mfano wa hesabu huu ni wa makadirio, na kila chama kiweke tarakimu zake. Chama chenye wanachama 400, kila mmoja akileta kilo 500, hukusanya tani 200. Makosa ya uandishi yakipoteza kilo moja tu katika kila kilo 1,000, zinapotea kilo 200. Kwa bei ya mfano ya shilingi 2,500 kwa kilo, ni shilingi 500,000 kila msimu. Kwa mkulima mmoja mmoja ni nusu kilo, kwa hiyo halalamiki. Kwa chama ni fedha ya kuanzia dari, kiti, meza na taa, vitu vinavyodumu miaka mingi. Hapo bado hazijahesabiwa siku za kuugua wala safari za kwenda kusuluhisha stakabadhi zilizokosewa.

Mfanyabiashara mdogo afanye hesabu hiyohiyo. Wakala wa fedha kwa simu anayekaa kwenye kibanda cha bati kilichotazama jua la magharibi anahitaji kukosea namba moja tu kupoteza faida ya siku kadhaa. Kukigeuza kibanda kikatazama upande mwingine, kukitoboa matundu ya hewa juu na kukiwekea turubai la kivuli ni kazi ya asubuhi moja.

Sheria ipo, wanachama waitumie

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri ahakikishe mahali pa kazi pana hewa, mwanga, maji safi na vyoo. Msimamizi wake ni Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA). Chama cha msingi kinachoajiri karani ni mwajiri. Upo pia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015 kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2008, unaomlipa mfanyakazi aliyeumia au kuugua kutokana na kazi. Juni 2022, Mkutano Mkuu wa Kazi wa ILO nao uliyaweka mazingira salama na yenye afya kuwa miongoni mwa haki za msingi kazini.

Hata hivyo, fidia humfuta mtu machozi, haimrudishii mapafu. Na mkaguzi hawezi kufika kila kijiji. Chombo kilicho karibu zaidi ni mkutano mkuu wa wanachama, ambao ndio unaopitisha bajeti ya chama. Humo hujadiliwa magunia, kamba na posho za vikao. Kifungu cha ukarabati wa ofisi, kama kipo, hupita bila swali.

Hivyo basi, kabla msimu mwingine haujaanza, wanachama waiombe bodi ifanye mambo matatu. Mosi, iondoe sumu zote katika chumba cha kazi ndani ya wiki moja. Pili, ikae na karani na mpima mizani, iandike kasoro zinazowasumbua, na kuzipanga kwa gharama. Tatu, ilete mbele ya mkutano mkuu orodha fupi yenye bei, ikianza na dari, dirisha la pili na kiti.

Siku ya kukabidhi mzigo, mkulima huikagua mizani kwa makini, na anafanya vema. Akishajiridhisha na mizani, apige hatua tano zaidi na kuchungulia ndani ya chumba cha karani, kwa sababu kilo zilizosomwa vizuri nje zinaweza kupotelea mle ndani, bila mwizi na bila kelele.